Risala ya wapenzi wa raga wa Mwanza kwa mgeni rasmi, Afisa Michezo wa Jiji

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Michezo wa Jiji la Mwanza. Mkuu wa Shule uliyetupa uwanja huu. Walimu, wazazi, na ninyi wachezaji mliokaa juani tangu asubuhi: mwangaluka!

Tunakushukuru sana kwa kuacha shughuli zako na kuja kutuona. Kikundi chetu kinaunganisha wapenzi wa raga wa Igoma, Buhongwa na Nyegezi. Wengi wetu ni wanafunzi, wapo waendesha bodaboda, na wapo dada zetu wanaouza dagaa pale mwaloni Kirumba. Tulikutania kwenye kibanda umiza, tukitazama mechi, na mpaka leo mazungumzo yetu makubwa ni juu ya makocha wa timu za taifa: nani abaki, nani aondoke, nani kapanga kikosi vibaya. Tunaomba uyasikie mabishano hayo kidogo, maana ndiyo yaliyozaa ombi letu la leo.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Bishano lililotugawa kuliko yote lilikuwa la Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2023 kule Ufaransa. Katika nusu fainali dhidi ya Uingereza, kocha Jacques Nienaber alimtoa Manie Libbok dakika ya 31 na kumwingiza Handré Pollard. Kibanda kilichafuka. Kijana hajaumia, mapumziko hayajafika, anatolewaje? Upande mmoja ukasema kocha amemvunja moyo mtoto wa watu mbele ya dunia nzima. Upande wa pili ukajibu kwamba mvua inanyesha, mpira unateleza, Waingereza wanapiga mipira ya juu, na mechi ya namna hiyo inamtaka mtu wa mguu. Mwishoni Ox Nché, aliyetokea benchi, akaongoza wenzake kuwasukuma Waingereza kwenye skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu zote mbili wanaposhikana na kusukumana, mpaka ikapatikana penalti, na Pollard akaipachika kutoka karibu mita 50. Ikaisha 16-15.

Wiki iliyofuata, kwenye fainali, benchi lao lilikuwa na wachezaji saba wa mbele na mmoja tu wa nyuma. Ilikuwa hatari kubwa, maana wa nyuma wakiumia wawili hakuna wa kuziba. Tena Bongi Mbonambi akaumia dakika za mwanzo kabisa, Deon Fourie akalazimika kucheza karibu mechi nzima katika nafasi ya Mbonambi. Wakaifunga New Zealand 12-11. Wapo wanaoiita bahati. Sisi hatukubali. Nienaber na Rassie Erasmus, kocha mkuu aliyemtangulia, walikuwa pamoja na timu ile tangu 2018, walitwaa nayo kombe la 2019 kule Yokohama kwa kuichapa Uingereza 32-12, na walijua kila mtu wa benchi ana uwezo gani na mpaka wake uko wapi. Ujuzi wa namna hiyo kocha haupati kwa miezi miwili.

Kwa hiyo wengi wetu tuko upande wa subira. New Zealand walitolewa na Ufaransa kwenye robo fainali ya 2007 pale Cardiff, 20-18, na mashabiki wengi nyumbani wakataka kocha Graham Henry aondoke. Chama chao kikambakisha. Mwaka 2011, Auckland, Henry yule yule akaifunga Ufaransa ile ile 8-7 na kubeba kombe. Australia walifanya kinyume. Januari 2023, miezi michache kabla ya mashindano, walimwondoa kocha Dave Rennie wakamleta Eddie Jones, ambaye Uingereza ilikuwa imemwachisha kazi mwezi uliotangulia. Wakafungwa na Fiji 22-15, wakafungwa na Wales 40-6, wakaishia hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Hapa jirani pia tuliona. Kocha Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu, aliwapa Wakenya ubingwa wa Singapore mwaka 2016 katika raga ya wachezaji saba, wakiwachapa Fiji 30-7 kwenye fainali. Mwaka huo huo akaondoka. Baada yake ukocha ukapita kwa Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney, Simiyu tena, kisha Damian McGrath, na mwaka 2023 Shujaa, ndiyo timu hiyo ya Wakenya, wakashuka daraja.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Wenzetu wasiokubali subira wana hoja ambayo hatujaweza kuiangusha. Wanasema Erasmus mwenyewe aliingia 2018 na kombe akalibeba 2019, kwa hiyo kubadilisha kocha kunaweza kuwa dawa. Ni kweli. Lakini tuulize alikuta nini. Alikuta vijana waliofundishwa raga tangu utotoni. Nahodha wake, Siya Kolisi, ni mtoto wa kitongoji cha Zwide aliyeonekana akicheza akiwa mdogo, akapewa ufadhili wa kusoma shule yenye raga ya uhakika. Zimbabwe nao wana raga ya shule ya miaka mingi. Mwezi Julai 2025, ng'ambo ya ziwa letu hili, pale Kampala, kikosi cha kocha Piet Benade kiliifunga Namibia 30-28 na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 Australia, mashindano ambayo Zimbabwe walikuwa hawajayafikia tangu 1991. Kocha wa taifa ni mvuvi: ziwa lisipokuwa na samaki, hata umpe nyavu mpya kila msimu atarudi na maji.

Hapo ndipo mabishano yetu yalipotuweka njia panda. Tunawahukumu makocha wa mbali, na hapa kwetu watoto wanaotaka kucheza hawana mtu wa kuwafundisha. Raga haifundishwi kwa kukisia. Sheria inakataza kumkamata mtu juu ya mabega, na anayemwangusha mwenzake lazima ajue kichwa chake anakiweka wapi, la sivyo anaumia shingo au ubongo. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu viwanja vyetu ni vya changarawe (jiji hili ni la mawe, nani asiyejua), tumewakataza watoto kuangushana. Wanacheza raga ya kugusa tu, kama ulivyoona leo. Wanaipenda. Lakini hawawezi kubaki hapo.

Tumezungukwa na mifano. Kisumu wana mashindano yao ya Dala, Jinja wana klabu yao ya Hippos, na maji yanayofika kwao ndiyo haya yanayofika Kirumba. Mkoa wetu nao una Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, hapo Kwimba.

Ombi letu la kwanza, na ndilo kubwa, ni utusaidie kupata nafasi kwa vijana wetu wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wakasomee ukocha Malya, na utuombee kwa chama cha raga cha taifa mkufunzi wa kuwapa mafunzo ya mchezo wenyewe. Wote wawili wameahidi kurudi kufundisha katika shule hii na za jirani. Tunaomba pia siku moja kwa wiki kwenye uwanja wowote wa jiji wenye nyasi, hata iwe alfajiri. Na msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ukifika, tunaomba turuhusiwe kuonyesha raga ya kugusa wakati wa mapumziko, walimu wa shule nyingine waione.

Mipira tutachangishana wenyewe. Tumeshaanza.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.