Barua ya wazi kwa shemeji msimamizi: msipigie kura kitabu kizima

Shemeji,

Habari za meza yenu zimenifikia. Watatu wanataka mhamie kanuni mpya za ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons, wawili hawataki hata kuzisikia, na wewe msimamizi, unayeendesha hadithi na mazimwi, umeachiwa msala. Nasikia unataka kuitisha kura kabla kampeni, yaani hadithi yenu ndefu, haijaendelea. Usiitishe. Au tuseme usiitishe kura ya kitabu kizima, maana kanuni hizi zimekuja mafungu mafungu, na kinachoharibu mchezo ni kuchukua kipande kimoja na kumwacha pacha wake.

Kwanza ondoeni mezani mambo yasiyokuwepo. Kitabu cha wachezaji kilitoka Septemba 2024, lakini wachapishaji wake, Wizards of the Coast, walianza kutoa rasimu za majaribio Agosti 2022, na ubishi mwingi bado unazihusu rasimu hizo. Ile ya kwamba 20 kwenye dadu ya pande 20 hufaulisha jambo lolote na 1 hufelisha lolote haikupita. Uhakika wa namna hiyo umebaki kwenye dadu ya shambulio, kama zamani. Ile ya kuwanyima mazimwi pigo la maradufu nayo ilitupwa. Anayebishana kwa rasimu mwambie afungue SRD 5.2, kanuni za msingi zilizotolewa bure Aprili 2025 kwa leseni ya Creative Commons. Ni PDF, simu inaifungua, na inatosha kuchezea, ingawa ina tawi moja tu la kubobea kwa kila klasi, yaani aina ya mhusika kama mpiganaji au mchawi. Kwa bei za vitabu vile vikishasafirishwa mpaka kwetu, hiyo si habari ndogo.

Sasa fungu zito: umahiri wa silaha. Kila silaha imepewa hila moja kati ya nane. Shoka kubwa la mikono miwili likimpata adui linaweza kumfikia na aliye kando yake. Upanga mkubwa ukikosa bado unakwaruza, kwa madhara yanayolingana na nyongeza ya nguvu ya anayeushika. Upinde mrefu unampunguzia adui mwendo kwa futi 10. Mpiganaji anaanza na silaha tatu za namna hiyo tangu ngazi ya 1. Barbari, paladini (yule shujaa mtakatifu), mwindaji na mnyemelezi wanaanza na mbili mbili. Wachawi hawapati kitu, na kwa maoni yangu wamepata haki yao.

Hila itakayokusumbua ni ya kuangusha, ile ya nyundo kubwa, shoka la vita na fimbo ndefu. Kila inapompata adui, wewe unarusha dadu ya kujinusuru, yaani ya kuikwepa hila, kwa ustahimilivu wake dhidi ya 8, jumlisha nyongeza ya uwezo wa mshambuliaji, jumlisha nyongeza yake ya umahiri, ile inayopanda na ngazi. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye nguvu 18 ana 8 + 4 + 3, yaani 15. Zimwi lenye ustahimilivu wa +2 linahitaji 13 au zaidi kwenye dadu, kwa hiyo linaanguka mara 12 kati ya 20. Akilipata mara mbili katika zamu, uwezekano wa kulala chini walau mara moja ni asilimia 84. Walio karibu watafurahi, kwa sababu kumshambulia aliyelala ukiwa ndani ya futi 5 unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Mpiga upinde wenu atanuna: kwake yeye aliye mbali ni dadu mbili na kuchukua ndogo. Hapo ugomvi wa kwanza utakuwa kati ya wachezaji wenyewe, wala si kati yao na wewe.

Dawa ya kuchelewa ipo. Mchezaji aandike namba yake, mfano hiyo 15, juu kabisa ya karatasi ya mhusika na aitaje pamoja na madhara, asisubiri kuulizwa. Wewe rusha dadu ya kujinusuru wakati yeye anajumlisha madhara. Hila zisizohitaji dadu, kama kupunguza mwendo au kumdhoofisha adui katika shambulio lake linalofuata, wekeeni vizibo vya soda juu ya zimwi, rangi moja kwa hila moja, na kila mwenye hila aondoe kizibo chake zamu yake inapoanza. Bila hivyo mtasahau nusu yake, na hila iliyosahauliwa ndiyo inayozaa maneno mwisho wa kikao.

Pacha wa fungu hili ni hesabu ya kupanga mapambano, na hapa ndipo wasimamizi wengi wanaposhika shavu. Kanuni za zamani, zile za 2014, zilikutaka uzidishe pointi za uzoefu, kipimo cha uzito wa mazimwi, kulingana na idadi ya mazimwi. Mpya zimefuta kuzidisha. Chukua wahusika wanne wa ngazi ya 5 na mazimwi manne ya daraja la 3, pointi 700 kila moja, jumla 2,800. Kwa zamani unazidisha kwa 2 unapata 5,600, wakati kikomo cha pambano la kuua kilikuwa 4,400. Kwa mpya 2,800 inabaki 2,800, na bajeti ya pambano la wastani ni 3,000. Pambano lile lile: kitabu kimoja kinasema mtazikana, kingine kinasema chini ya wastani. Ukiwaacha wachezaji na wahusika wa 2014 halafu wewe ukapanga kwa jedwali jipya, utawamaliza kabla hujaelewa kosa liko wapi. Kinyume chake, wahusika wapya mbele ya mazimwi ya zamani, kwa hesabu ya zamani, watapita kama wanakwenda sokoni. Kwa hiyo umahiri wa silaha, jedwali jipya na mazimwi ya kitabu cha Februari 2025 vinaingia pamoja au haviingii.

La paladini wa meza yenu najua ndilo lililowasha moto. Zamani akishampata adui alikuwa anachoma nafasi ya uchawi, akiba yake ya siku, papo hapo ili kuongeza pigo takatifu, bila kikomo kwa zamu. Mwenye mashambulio mawili na nafasi mbili za daraja la 2 alimwaga dadu sita za pande 8 katika zamu moja, wastani 27, juu ya madhara ya upanga wenyewe. Sasa pigo lile takatifu ni uchawi unaotumia tendo la ziada, lile dogo ambalo kila mtu ana moja kwa zamu, basi ni mara moja tu kwa zamu. Na kwa kuwa ni uchawi wa kutamka, ukimya unauzuia na mchawi wa upande wa pili anaweza kuuzima. Amepewa pigo moja la bure kila baada ya mapumziko marefu, na kuponya kwa mikono kumeshushwa kutoka tendo kamili hadi tendo la ziada. Mimi nasimama na kanuni mpya: ile ya zamani ilikuwa inalimaliza zimwi kuu kabla wenzake hawajaketi vizuri. Ila hoja yangu haswa ni hii: mwenzenu asiruhusiwe kubaki na pigo la zamani huku akichukua umahiri wa silaha na uponyaji mpya. Huko ni kula huku na huku.

Uchawi wa kuita wanyama uchukueni mpya bila mjadala. Mbwa mwitu wanane wenye zamu zao, kila mmoja akirusha dadu mbili kwa sababu wanasaidiana, ni dadu 16 za shambulio kabla ya kugusa madhara. Sasa ni kundi moja la mizuka, adui anarusha dadu moja ya kujinusuru, akishindwa anapata dadu tatu za pande 10. Chai haipoi.

Kuna madogo yanayoingia peke yake bila kuvuta kingine: kunywa dawa ya kuponya kwa tendo la ziada, uchovu wa kutoa 2 kwenye dadu na futi 5 za mwendo kwa kila kiwango badala ya lile jedwali la mistari sita, na anayeshtukizwa kurusha dadu mbili za kupanga zamu na kuchukua ndogo badala ya kupoteza zamu nzima.

Kujificha ndiko kulikoandikwa vibaya. Unahitaji 15 kwenye dadu ya kunyemelea, ukifaulu unahesabiwa kama usiyeonekana, na hali hiyo inaisha ukipiga kelele, ukishambulia, ukitamka uchawi au adui akikugundua. Kitabu hakisemi waziwazi itakuwaje ukitoka nyuma ya ukuta ukasimama mchana kweupe mbele ya mlinzi. Amueni kabla. Mimi ningesema ameonekana, basi.

Kuhusu wale wawili wasiotaka: si lazima watupe wahusika wao. Tawi la kitabu cha zamani linakubalika, ila kilichokuwa kinapatikana ngazi ya 1 au ya 2 kinasogezwa hadi ya 3. Nyongeza za uwezo zilizotoka kwenye kabila la mhusika zinafutwa; badala yake historia yake inampa +2 na +1, au +1 mara tatu, pamoja na kipaji kimoja cha mwanzo. Msipofuta zile za kwanza mtahesabu mara mbili, na mtagundua mtu ana nguvu 20 ngazi ya 3.

Muda wa kuhama ni mwisho wa sura, wakishapanda ngazi na kupumzika. Kikao kimoja kiwe cha karatasi tupu, bila pambano lolote. Na yule wa paladini mpigie simu kabla ya siku hiyo, mpitie karatasi yake wawili tu. Mbele ya wenzake atabishana hata akiwa amekubali.

Msalimie dada.