Kwa nini uzi mmoja hunakiliwa vipande vipande

Mwanangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku hatujambo, bibi naye anaendelea vizuri.

Umeuliza kwa nini seli inaponakili DNA, uzi mmoja hunakiliwa mfululizo na mwingine vipande vipande. Nimefurahi hukuridhika na kukariri.

Nyuzi hizo mbili zimelala kinyume, kama njia mbili za barabara moja. Kimeng'enya kinachonakili, polimerasi ya DNA, huongeza herufi (vijenzi vya DNA) kwenye ncha moja tu ya uzi mpya, iitwayo ncha ya 3. Basi nyuzi zinapofunguliwa, kwenye uzi mmoja polimerasi hufuata ufunguzi bila kukatika. Kwenye mwenzake hulazimika kuupa mgongo: hunakili kipande, halafu kingine huanzishwa karibu na pale nyuzi zinapoachana. Kila kipande huanza na praima, yaani kianzio kifupi cha RNA, molekuli inayofanana na DNA. Baadaye praima huondolewa, pengo hujazwa, na kimeng'enya kiitwacho ligasi huunga vipande. Kwa binadamu kipande kina herufi kama 100 hadi 200, kwa hiyo seli moja kabla ya kugawanyika huunga makumi ya mamilioni ya vipande!

Sasa mbona hakuna polimerasi ya kwenda upande wa pili? Hapa tulia, usome polepole. Nishati ya kuunga herufi mpya huja na herufi yenyewe, kwenye fosfeti zake tatu. Polimerasi ikiweka herufi isiyolingana, huinyofoa. Inayofuata huja na nishati yake na kazi huendelea. Uzi ungekuwa unakua kwa upande wa pili, nishati ingekaa kwenye ncha ya uzi. Ukinyofoa herufi yenye kosa, nishati nayo imekwenda, na ujenzi umekwama. Wanabiolojia wengi huliona hilo kuwa ndiyo sababu: seli imekubali usumbufu wa vipande ili iweze kusahihisha inapoandika. Mimi kila nikilifikiria hilo, nashangaa upya.

Vipande hivyo vimepewa jina la Okazaki. Reiji Okazaki na mkewe Tsuneko walifanya kazi Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani. Miaka ya 1960 waliwapa bakteria thaimidini (malighafi ya herufi moja ya DNA) yenye mionzi kwa sekunde chache, wakasimamisha kila kitu papo hapo, wakapima. DNA ya sekunde hizo ilikuwa vipande vifupi vifupi. Walipoacha muda zaidi upite, mionzi ileile ikaonekana kwenye nyuzi ndefu: vipande vilikuwa vimeshaungwa.

Reiji alikumbwa na mionzi ya bomu la Hiroshima akiwa kijana. Alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1975, akiwa na miaka 44. Tsuneko akaendelea na utafiti, akachunguza kwa kina ile praima ya RNA. Vitabu vingi humtaja mume peke yake. Kwenye daftari lako andika majina yote mawili.

Mama anakusalimu sana. Nauli ya likizo nitaituma mapema.

Ni mimi baba yako