Ile doti ya stesheni ilikuwa rangi gani?

Ujiji, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Habari za Tabora, za watoto, za mguu wa shemeji? Sisi wazima, ila nyumba nzima ni pilikapilika za harusi. Mama Siwema karudi kutoka Kasulu, hayo nitakusimulia siku nyingine. Najua nimekaa kimya tangu mfungo. Unisamehe.

Unaikumbuka picha ya mama zetu stesheni ya Kigoma, siku mama yako anahamia huko, 1971? Ile nyeusi na nyeupe iliyoliwa kona na mende. Shabani kaiingiza kwenye simu, programu ikaitia rangi. Alivyoileta sebuleni, vigelegele! Mjukuu wangu wa mwisho akauliza, "Kumbe bibi mkubwa alikuwa msichana?" Siku zote alidhani yule kazaliwa mzee. Hapo sikatai, rangi imefanya kazi. Ile ya zamani wageni wakiitazama walishusha sauti kama wako msibani, na wala siku ile haikuwa ya msiba.

Lakini nikaisogeza karibu. Khanga ya mama yangu imekuwa bluu. Ya mama yako imekuwa kahawia. Mwajuma, ile ni doti moja! Waliigawana palepale stesheni, kila mmoja kipande chake, na ndiyo sababu wakamwita mpiga picha. Mama yako kasimama kwenye kivuli cha upenu, wangu yuko juani, basi mashine ikadhani ni nguo mbili. Kwenye ile ya mwanzo ukifuata pindo unaona ni nguo ileile, halafu macho yanateremka kwenye mikono yao walivyoshikana. Sasa macho yanaishia kwenye bluu, mikono huioni. Na nyuso zimekwajuka. Mama yangu alikuwa mweusi wa kung'aa, wewe unajua, ile sura ya maji ya kunde si yake. Nililia, na waliokuwepo wakadhani ni furaha.

Nikaenda kwa mzee wa studio kule mjini. Kanieleza kuwa filamu ile haikuandika rangi, iliandika tu mwanga ulivyokuwa mwingi au mchache, kwa hiyo nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kilekile. Filamu za kale zaidi hazikuiona nyekundu kabisa, ilitoka nyeusi kama kaniki. Programu inabahatisha tu, kwa kufuata picha nyingi ilizofundishiwa. Tena kaniambia picha nyeusi na nyeupe imeshikwa na chembe za madini ya fedha, ikioshwa vizuri hudumu, lakini za rangi hutegemea rangi za kemikali zinazopauka. Nikakumbuka albamu ya harusi yangu, 1994. Shela langu leo ni la waridi, na zile mboga za sherehe... basi, tuyaache.

Sasa wanataka kuichapisha hiyo ya bluu, kubwa, itundikwe ukumbini. Nimekataa. Watoto wataamini mama zetu walivaa kila mtu lake, na sisi tuliobaki kusema si wengi. Rangi naitaka, shoga, ila iwe yenyewe.

Kipande cha mama yangu tulimzikia nacho. Cha mama yako bado kiko kwenye sanduku la bati? Ni kisutu chekundu kama ninavyokumbuka mimi, au nimechanganya na cha shangazi? Jina lake linasemaje? Kwenye picha mkunjo umelifunika, naona "MWENZANGU" tu. Mama yako aliwahi kukwambia nani alilichagua? Na wewe ungetundika ipi?

Usikitume kwenye treni, kisije kikapotea. Kipige picha tu, tena nje, mlangoni, mchana. Taa ya ndani itakitia unjano.

Wako,
Zuhura