Ukilala kwenye gari umelewa, ufunguo uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hili la mtu kunywa alafu analala kwenye gari lake, mana huku Mwanza tunalisifia sana, mtu akisema "mi leo siendeshi nalala humu humu" tunamuona ana akili. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka Desemba iliyopita.

Tulikuwa kwenye send-off maeneo ya Nyakato, nikanywa, saa saba usiku nikaona hapana, nikaingia kwenye gari nikalaza siti ya dereva nikalala. Sasa anayekaa Mwanza anawajua mbu wetu, ukifungua kioo wanakumaliza, ukifunga joto, basi nikawasha injini nipate AC na usingizi ukanichukua. Mara mlinzi anagonga kioo, "mzee sogeza kidogo Coaster ya wageni itoke", na mimi na bia zangu kichwani wala sikukumbuka kama nilishaamua siendeshi, nikaweka rivasi. Nyuma kulikuwa na bodaboda imepaki na kijana kakaa juu yake. Namshukuru Mungu kijana aliruka, pikipiki ndo ikalala chini na nimeitengeneza kwa hela yangu, ila yule kijana alitetemeka mpaka akashindwa hata kunitukana na hiyo ndo inaniuma mpaka leo.

Mtoto wa dada yangu anaishi Leicester, nilipomsimulia akaniambia anko, huku hata kabla ya rivasi ungekuwa na kesi. Uingereza, kwenye sheria yao ya barabara ya 1988, ni kosa kuwa na gari mikononi mwako barabarani au sehemu ya watu wote ukiwa umezidisha kilevi, hata kama limepaki na injini imezimwa. Kiwango ni miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu (na sisi Tanzania ni hizo hizo 80) au mikrogramu 35 kwenye mililita 100 za pumzi, Scotland wao walishusha 2014 damu ikawa 50. Ukikutwa na hatia leseni inapigwa alama 10 au unafungiwa kabisa, na jela inaweza kufika miezi 3. Pa kuponea ni kuithibitishia mahakama kwamba hapakuwa na uwezekano wa wewe kuendesha wakati pombe bado imezidi, na mzigo huo ni wako, majaji wa House of Lords, ambayo wakati huo ndo ilikuwa mahakama yao ya juu kabisa, walishalimaliza hilo 2004.

Zamani ningesema wanaonea watu, aliyelala kakosa nini. Sasa naelewa, ufunguo ukiwa na wewe hujamaliza kuamua, joto tu au mtu akigonga kioo unaamua upya na safari hii ni pombe inayoamua. Ila hapo hapo aliyetoa ufunguo akalala siti ya nyuma asisumbuliwe jamani, mana akisumbuliwa siku nyingine ataona bora aondoke tu na gari.

Kwahiyo wenye baa na kumbi, kuanzia Kirumba mpaka Igoma, wekeni daftari kaunta mpokee funguo, na msizirudishe saa kumi na moja alfajiri eti mtu kanywa supu na kahawa, supu haitoi pombe kwenye damu, inatoka taratibu kwa masaa, aliyekunywa sana anaamka bado anayo. Trafiki nao wakimkuta mtu kalala nyuma na ufunguo uko kaunta wamwache, ila wakimkuta siti ya dereva injini inaunguruma wampime, hata kama ni mimi.

Na nyie walinzi wa paking, gari likiziba njia mtafuteni mtu ambaye hajanywa ndo alisogeze, msimgongee kioo aliyelala.

Msomaji wenu,
Ilemela, Mwanza