Kibao cha benchi la wazee

Mhariri,

Mimi ni mchora vibao hapa Chake Chake. Mwezi uliopita ofisi moja iliniletea kazi ya kibao cha benchi la wazee. Kiswahili chake neno moja tu: WAZEE. Kiingereza wameandika "Old People". Nikaweka brashi chini. Kwetu mzee ni heshima, hata kijana mwenye cheo huitwa hivyo; "old" Mzungu hulitumia hata kwa kiatu kilichochakaa.

Nikasema basi tuandike "Elderly". Mjukuu wangu, anayesomesha Kiingereza skuli, akakataa: linamfanya mtu aonekane dhaifu, wa kushikwa mkono. (Mie nina miaka 72 na ngazi napanda mwenyewe.) "Senior Citizens" nalo lina uraia ndani yake; mgeni aliyeshuka melini akae wapi?

Akanambia kamati moja ya Umoja wa Mataifa ilichagua "older persons" mwaka 1995, na kwa mazungumzo ya kawaida "older people" latosha. Nikamuuliza, mkubwa kuliko nani? Akacheka, "Kuliko mimi, babu."

Nimechora hilo, kwa buluu. Herufi ya mwisho imebanana kidogo.

Mchora vibao,
Chake Chake, Pemba