Lile tone jeusi kwenye bodi ya mizani yako

Mama mmoja muuza samaki wa soko la Deep Sea alituletea mizani yake ya digitali kwa mafundi wa hapa Ngamiani, Tanga, ikiwa imezima kabisa. Fundi wa kwanza alikuwa ameshalichokonoa lile tone jeusi la katikati ya bodi, akidhani ni uchafu unaoficha chipu, ule ubongo wa mizani. Tone ndilo chipu yenyewe. Iliniuma, kwani nilipokagua vibati vya betri nilikuta vimeliwa na kutu ya chumvi, umeme haukuwa unafika kwenye bodi. Kazi ya dakika kumi ilikuwa imeshageuka msiba.

Chipu tuliyoizoea huvaa ganda la plastiki na ina miguu ya kuchomelea kwa risasi. Kwenye mizani, vikokotoo na midoli ya bei nafuu, kiwanda hubandika kipande cha silikoni kitupu juu ya bodi kwa gundi. Kisha mashine huunganisha kila pointi kwa uzi wa aluminiamu au dhahabu wenye unene wa maikromita 25 hivi; ukizipanga nyuzi 40 ubavu kwa ubavu ndipo unapata milimita moja. Risasi haitumiki hapo. Ncha ya mashine huukandamiza uzi na kuutetemesha kwa kasi tusiyoweza kuisikia, mpaka chuma kishikane na chuma. Mwisho hudondoshewa epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, nyeusi kwa makusudi, maana mwanga ukiipiga silikoni huvuruga umeme wake. Ukilikwangua tone, nyuzi hukatika, na hakuna mkono wa fundi utakaozirudisha.

Njia nyingine ya kuunganisha chipu tupu, isiyo na nyuzi, ni kuilaza kifudifudi juu ya vitone vya risasi. Kampuni ya kompyuta ya IBM waliitumia tangu miaka ya 1960, na prosesa nyingi za leo, zile chipu kuu za kompyuta, huwekwa hivyo.

Kwa kuwa tone halirekebishiki, sisi huanzia nje yake: vibati, swichi, nyaya za sensa (kihisio cha uzito), kisha tunaisafisha bodi kwa spiriti. Hewa yetu ya pwani huharibu hapo kwanza. Tone likiwa limekufa kweli, tunakwambia kabla hujalipa, na tunatafuta bodi ya mizani ya aina ileile. Ya yule mama tuliipata kwenye mizani iliyovunjika sahani. Tulimwomba asiirudishe sokoni mpaka Wakala wa Vipimo waihakiki.

Ikizima yako, toa betri, usiipashe moto, uilete kama ilivyo.