Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024: Rangi Mbele ya Nyumba

Ndugu wanachama,

Pokeeni salamu za kamati. Mahesabu ya chama mtayasikia kwa Mweka Hazina, na kumbukumbu za vikao anazo Katibu. Mimi nitazungumzia bustani, kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha watu wa Mombasa, Kisii, Moshi na Bukavu hapa Minnesota, na kwa kuwa jambo nililolipigania katika kila kikao limeanza kuonekana barabarani. Maua yetu yametoka nyuma ya nyumba, yamekuja mbele.

Miaka yote tumelima vizuri sana, lakini tumelima kwa kujificha. Sukuma wiki nyuma, mchicha nyuma, mbele nyasi tupu za kukatwa kila wiki kuanzia Mei mpaka vuli. Silaumu mtu, mboga ni chakula, na bei ya sokoni kila mmoja anaijua. Ila uwanja wa mbele ndio unaotusemea kwa jirani kabla hatujafungua mdomo, na ndio mtoto anaouona akishuka kwenye basi la shule. Baada ya miezi mitano ya weupe na kijivu, mtu anahitaji kuona rangi. Nasema anahitaji, na ninamaanisha hivyo.

Mwaka wenyewe ulikuja na mtego. Majira ya baridi ya 2023–24 yalikuwa na joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika jimbo hili. Theluji ilikuwa haba, na ardhi ilifunguka mapema. Tena, ramani mpya ya maeneo ya baridi iliyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mnamo Novemba 2023 iliihamisha sehemu kubwa ya Minneapolis na St. Paul kutoka daraja la 4b kwenda 5a, lenye baridi pungufu kidogo. Wapo waliosikia hayo wakauliza kama sasa miche inaweza kutoka nje Aprili. Ramani ile haisemi hivyo. Inapima wastani wa usiku wa baridi kali kuliko yote kwa mwaka, yaani inakujulisha ni mti gani, au mmea gani wa kudumu, utakaoivuka Januari. Habari za jalidi ya Mei haimo. Usiku mmoja tu wa umande kuganda unatosha kuiua miche ya dirisha zima, na usiku huo hauangalii ramani.

Kwa hiyo kanuni ya chama haijabadilika. Maua ya pansi na wenzake wanaovumilia baridi yatoke mapema mkipenda. Mimea yenye asili ya joto, na hiyo ndiyo mingi ya kwetu, isubiri mpaka usiku usishuke chini ya nyuzi 50 za Fahrenheit, sawa na 10 za Selsiasi, na udongo ukiushika kiganjani usikie una uvuguvugu. Kwa kawaida hiyo ni wiki ya mwisho ya Mei, karibu na sikukuu ya Memorial Day. Kabla ya hapo miche izoeshwe: siku ya kwanza saa mbili tatu kivulini, kesho yake zaidi, halafu jua la asubuhi, mpaka wiki moja au siku kumi zipite. Mche uliolelewa dirishani ukiuweka ghafla kwenye jua la Juni, majani hubabuka meupe ndani ya mchana mmoja. Waliosubiri mwaka huu ndio waliokuwa na maua mwezi wa sita.

Mvua nayo haikutubembeleza. Aprili hadi Juni ilinyesha mpaka mito ya kusini mwa jimbo ikafurika, kisha Septemba ikawa kavu na ya joto kuliko Septemba zote zilizopimwa Minnesota. Wenye matandazo ya majani makavu au vipande vya mbao kuzunguka mimea yao walivuka misimu yote miwili: mvua haikurusha udongo kwenye majani, na ukame haukufika haraka kwenye mizizi. Wenye udongo mtupu walishinda na mpira wa maji mkononi.

Sasa nije kwenye mimea yenyewe, maana hapa ndipo penye furaha yangu mwaka huu.

Ukitembea mtaa wowote wa Minneapolis wenye miti mikubwa, chini ya vivuli utaona ua dogo bapa lenye petali tano, la waridi, jeupe, jekundu au la machungwa. Madukani linaitwa impashensi. Kwa miongo mingi limekuwa miongoni mwa maua ya bustani yanayouzwa zaidi Marekani, na asili yake ni kwetu: porini huota penye kivuli na unyevunyevu, kutoka Kenya hadi Msumbiji. Mbegu zilitumwa kwenye bustani ya Kew, Uingereza, na John Kirk, balozi mdogo wa Waingereza Unguja, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, wakati huo Sayyid Barghash. Baadaye ikathibitika ni mmea uleule ambao tangu 1868 ulikuwa umepewa jina la Horace Waller, mmisionari, na jina hilo la kwanza, Impatiens walleriana, ndilo lililobaki vitabuni. Ndugu zangu, jirani anayepanda trei nzima ya maua hayo kila Mei analea mmea wa vijito vya kwetu bila kujua. Mwambieni. Mwanachama wetu mmoja wa Brooklyn Park alimsimulia jirani yake, na tangu siku hiyo wawili hao hubadilishana miche.

Tahadhari moja. Kuanzia 2011 na 2012 ua hili lilishambuliwa vibaya nchini kote na ukungu unaoota kama unga mweupe chini ya majani. Mmea hupukutika mpaka hubaki vijiti. Ukungu huo hupenda hali ya ubaridi na majimaji, na Juni yetu ilikuwa na mvua nyingi. Wanunuzi waulizie aina zilizozalishwa kuuhimili: Beacon ni moja, Imara XDR ni nyingine. Pandeni kwa nafasi, mwagilieni asubuhi na chini kwenye udongo, ili majani yasilale na maji.

Sehemu ya pili ya furaha yangu ni jikoni. Vyungu vikubwa vinavyopamba milango ya benki na mahoteli mjini vimejaa matembele. Ndiyo, matembele: viazi vitamu vya majani ya kupambia, aina ya Margarita yenye rangi ya ndimu na aina ya Blackie yenye zambarau iliyokolea hadi weusi, yakimwagika kando ya chungu. Nyuma yake husimama majimbi, yale majani mapana tuliyoyaacha mabondeni, yakiuzwa hapa kwa bei ya pambo. Katika bustani za maua utakuta mchicha, ambao ndugu zetu wa Bukavu huuita lengalenga, wenye mashuke mekundu yanayoning'inia. Na kwenye kuta hupanda Thunbergia alata, mmea utambaao wa Afrika Mashariki wenye ua la machungwa na kitovu cheusi. Hatuna sababu ya kudhani kwamba maua ni elimu ya wenyeji wa hapa. Mikono yetu inajua kuikuza mimea hii tangu utotoni, tulikuwa hatujaiweka mbele tu.

Naomba hata hivyo matembele yaliyonunuliwa kama pambo yasipikwe, maana hatujui yalipuliziwa dawa gani kitaluni. Ya kula tukuze ya kula. Mbarika wenye majani mekundu, ambao wengine huuita mnyonyo, kamati inashauri usipandwe kabisa penye watoto. Ni mmea mzuri wa kutazama, lakini mbegu zake zina sumu inayoua.

Kuhusu fiwi, au njahi, wanachama kadhaa walilalamika kwamba zilipanda ukuta vizuri, zikafunika kila kitu kwa majani, na ua halikuonekana mpaka jalidi ya Oktoba ikaziondoa. Kosa si lenu wala si la udongo. Aina nyingi za fiwi husubiri siku zifupike ndipo zichanue, na hapa mwezi Juni mchana unazidi saa kumi na tano. Mmea uliozoea ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima, unangoja ishara ambayo Minnesota huitoa ikiwa imechelewa. Mwakani chukueni ile ya zambarau inayouzwa hapa kwa ajili ya maua, kwa kuwa imechaguliwa kuchanua mapema. Na mbegu za kutoka nyumbani zisifichwe kwenye sanduku la safari. Sheria inataka zitangazwe uwanja wa ndege na ziwe na hati ya afya ya mimea.

Nilipotembelea nyumba za wanachama mwezi wa Juni niliona bidii kubwa, na niliona pia tatizo moja linalojirudia: kila rangi mche mmoja. Mmoja mwekundu, mmoja njano, mmoja buluu, na ukisimama barabarani huoni chochote isipokuwa vitone. Ushauri wangu ni kuupanga uwanja kama kanga. Kanga ina pindo na ina mji. Pindo liwe mmea mmoja mfupi, wa rangi moja, uliorudiwa ukingoni mwote. Majani meusi ya matembele yanafaa sana. Mji uwe na rangi mbili, tatu kwa wingi, miche mitano au saba kwa kila kundi. Penye jua kali wekeni nyekundu, machungwa na njano, kwa mfano zinia, ambayo ni rahisi na mbegu zake hazina gharama. Kivulini nyekundu hupotea. Nyeupe na waridi ndizo zinazoonekana hata jioni. Anayeishi fleti afanye hivyohivyo katika chungu kimoja kikubwa badala ya vidogo kumi, maana chungu kidogo hukauka kabla hajarudi kazini.

Kisha mkate maua yaliyonyauka. Mmea ukishazaa mbegu huona kazi yake imekwisha. Ukikata, unachanua tena. Na mbolea yenye naitrojeni nyingi inaleta majani mengi na maua machache, mboji inatosha.

Katika mji wa kanga hiyo naomba tuweke pia mimea ya asili ya hapa. Nyuki mkubwa mwenye doa la rangi ya kutu mgongoni, Bombus affinis, aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2017, na 2019 Minnesota ikamfanya nyuki wake rasmi. Wanaonekana ndani ya miji yetu hii, kwenye bustani za watu wa kawaida. Monarda, ekinasia na Asclepias tuberosa yenye machungwa makali huwalisha nyuki, na jamii hiyo ya Asclepias ndiyo pekee inayoliwa na viwavi wa kipepeo Monarch, ambaye Desemba 2024 serikali kuu ilipendekeza alindwe kisheria. Mimea hii mwaka wa kwanza hulala, wa pili hutambaa, wa tatu hujaa, na baridi haiiui. Programu ya jimbo iitwayo Lawns to Legumes hurudishia wenye nyumba sehemu ya gharama za kuipanda. Katibu atawasaidia wanaotaka kuomba. Wenye wasiwasi wa barua kutoka mjini wajue kwamba tangu Julai 2023 sheria ya Minnesota inaitaka miji iruhusu bustani za mimea ya asili zinazotunzwa. Neno la kutiliwa mkazo ni kutunzwa. Nyasi zilizoachwa zikarefuka hazimo.

Mbawakawa wa Kijapani walirudi mwishoni mwa Juni kama kawaida. Waokoteni asubuhi wakiwa wazito na kuwatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mitego ya dukani msinunue, huvuta wengi kuliko inaowanasa.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mapendekezo mawili mkutanoni. La kwanza ni siku ya kugawana miche, Jumamosi baada ya Memorial Day, badala ya mapema Mei tulivyozoea. La pili ni kwamba mche wowote wa kudumu unaochimbwa kwenye uwanja wa mwanachama uletwe mizizi ikiwa imeoshwa, bila udongo. Minyoo warukao kutoka Asia wameshaingia jimboni. Hula matandazo na kuacha udongo kama machicha ya kahawa, na mayai yake husafiri ndani ya udongo wa chungu. Najua kuosha mizizi ni usumbufu, lakini pendekezo hili nitalitetea mpaka mwisho.

Wenye majimbi waliochimba vichwa baada ya jalidi wavikague kila mwezi huko chini ya nyumba na kutupa vilivyooza. Wenye vipande vya matembele kwenye maji dirishani wabadilishe maji kila wiki. Vyungu vya plastiki vilivyooshwa viletwe kwenye mkutano wa Machi, kwa kuwa tutaanza kupanda vipande hivyo siku hiyohiyo, na atakayekuwa hana chungu chake atapewa baada ya wenye vyao.

Mwenyekiti